Mbinu ipi ya usanifu inazaa suluhisho bora: bungua bongo au jedwali la mofolojia? Kazi ni kaushio la dagaa, Kigoma

Fundi_wa_Mwanga

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo kwa waliosoma usanifu wa vifaa, au waliowahi kusimamia vijana kwenye kazi ya namna hii.

Nina karakana ya uchomeleaji na useremala hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa mwalo wa Katonga wamenipa kazi ya kuwatengenezea kitu cha kukaushia dagaa msimu wa mvua. Kwa wasioifahamu shughuli hii: dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa, zile siku za giza ambazo mwezi haujatoka, na asubuhi wanaanikwa. Jua likiwa kali, siku moja inatosha. Mvua zikishika, kuanzia Novemba hivi, mzigo unaweza kuloa mara mbili kabla haujakauka. Dagaa wanavunda, wanageuka rangi, na aliyewanunua kwa bei ya chakula cha watu anaishia kuwauza kwa bei ya chakula cha kuku. Chanja za waya wanazo. Chanja inaepusha mchanga, lakini mvua inawakuta dagaa palepale juu ya waya.

Kabla ya kukata hata bomba moja niliwagawa vijana makundi mawili na kila kundi likapewa mbinu yake.

Kundi A walitumia bungua bongo. Walikaa pamoja, kila mtu akatoa linalomjia, hakuna kukosoa, mmoja anaandika na kuchora ubaoni.

Kundi B niliwapa jedwali la mofolojia, ambalo nilifundishwa chuoni na nimelipenda tangu hapo. Unaivunja kazi ya kifaa vipande vipande: kuwashika dagaa, kuwapa joto, kupitisha hewa, kuzuia mvua, kuwageuza. Kila kipande kinakuwa mstari wake, na mbele yake unaandika njia zote za kukifanya. Kuwapa joto, kwa mfano: jua la moja kwa moja, jua kupitia nailoni, jiko la kuni, mawe yaliyopata moto mchana. Halafu unachukua njia moja kutoka kila mstari na kuziunganisha. Mistari mitano yenye njia nne nne inakupa michanganyiko 1,024. Mingi haifai kabisa (kuna aliyeunganisha jiko la kuni na hema la nailoni, nikamwambia hiyo itaungua kabla dagaa hawajapata joto), kwa hiyo waliichuja mpaka ikabaki michache.

Sasa ukuta wa karakana umejaa michoro na ubishi haukatiki. Kundi A wanasema wao wameshinda kwa sababu wana mawazo mengi. Kundi B wanasema ya kwao yamekamilika, kila kazi ya kifaa ina jibu, wakati A wana michoro ambayo haisemi chochote kuhusu kugeuza dagaa. Na ni kweli, hawakugusa kabisa. Lakini huko huko A kuna kijana, mdogo kuliko wote, aliyechora paa la bati lisilosogea na chini yake chanja zinazovutwa nje kama droo za kabati. Jua likitoka unazivuta, mvua ikija unazisukuma ndani. Nikiutazama ule mchoro naona kabisa unaweza kujengwa.

Akina mama wana hela ya kujenga kimoja tu kwanza. Kwa hiyo nauliza: kuna namna ya haki ya kulinganisha mbinu hizi kwa ubora wa suluhisho zilizotoka? Vigezo viwe vipi, na nani atoe alama? Jedwali la Pugh, lile la kulinganisha mawazo kigezo kwa kigezo, nimelisikia, je linafaa hapa?

---

JuaKali_Buzebazeba

Fundi, unajichosha bure. Ingia YouTube, tafuta kaushio la samaki, utapata picha za kila aina. Chagua moja, piga hesabu ya vifaa, jenga. Wateja wanataka kifaa, hawataki jedwali.

---

Mhandisi_mwana_Ujiji

Kaka fundi, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, sasa niko Dar kwenye kazi ya usanifu wa mitambo. Swali lako limenigusa kwa sababu dagaa wa Katonga ndio walionisomesha.

Humo ndani kuna maswali mawili, na mkiyachanganya mtabishana mpaka mvua ziishe. La kwanza: kati ya michoro iliyo ukutani, upi ni bora? La pili: kati ya mbinu mbili, ipi huzaa michoro bora? La kwanza unaweza kulijibu wiki hii. La pili hulijibu kwa makundi mawili, kwa sababu hujui kama droo zile zimetokana na bungua bongo au zimetokana na kijana yule. Ungemweka kundi B, huenda zingetokea kwenye mstari wa "kuzuia mvua" na B ndio wangekuwa wanajigamba leo. Wanaopima mbinu kitaalamu wanatumia makundi mengi, wanapanga watu kwa kura, tatizo linakuwa lile lile, muda ule ule, na hata hapo majibu hayakai sawa kila mara.

Nianze na hoja ya wingi, maana ndiyo inayowapa kundi A jeuri. Bungua bongo ilienezwa na Alex Osborn, Mmarekani wa biashara ya matangazo, na yeye aliamini kwamba mawazo mengi huzaa mawazo mazuri. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Taylor, Berry na Block, waliijaribu imani hiyo. Walichukua makundi ya watu wanne wanaobungua bongo pamoja, wakayalinganisha na watu wanne wanne waliofikiri kila mtu peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa na yaliyojirudia yakafutwa. Waliofikiri peke yao walitoa karibu mara mbili. Mwaka 1987 Diehl na Stroebe walionyesha sababu mojawapo kubwa: mnapokuwa pamoja anasema mmoja, wengine wanasubiri zamu, na wazo la anayesubiri linafifia au analiacha. Kwa hiyo kama A wamewashinda B kwa wingi, jua kwamba A wale wale wangeandika kimya kimya kila mtu na karatasi yake wangejishinda wenyewe.

Lakini wewe hununui wingi. Unajenga kimoja. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea wanapolinganisha mbinu: wanachukua wastani. Chukua mfano huu. B wana michoro yote yenye alama 6 na 7 kati ya 10. A wana michoro mingi ya 3 na 4, halafu mmoja wa 9. Kwa wastani B wanashinda waziwazi. Kwa mtu anayejenga kifaa kimoja, A ndio waliomletea kifaa. Mwaka 2010 Girotra, Terwiesch na Ulrich waliandika juu ya jambo hili hili, kwamba kinachotakiwa kupimwa ni ubora wa yale mawazo machache ya juu kabisa. Walilinganisha kundi linalofanya kazi pamoja mwanzo hadi mwisho na kundi ambalo kila mtu anaanza peke yake halafu wanakutana. Utaratibu wa pili ulitoa mawazo mengi zaidi na bora zaidi, na wahusika walikuwa wajuzi zaidi wa kutambua lipi ni zuri kati ya waliyotoa. Hilo la mwisho nakuomba ulishike. Mbinu inayokupa wazo la 9 kisha ikakuacha ulitupe, haijakusaidia.

Kuhusu vigezo, mwaka 2003 Jami Shah na wenzake walipendekeza vipimo vinne vya kupima mbinu za kuzalisha mawazo: wingi, ubora, upya na utofauti. Upya ni wazo kuwa geni kulinganisha na mengine. Utofauti ni jinsi mawazo yalivyotawanyika. Kama michoro yote ya A ni paa la turubai la kukunja kwa namna saba, hapo una wazo moja lililovaa nguo saba. Upya na ubora usivichanganye hata kidogo. Mawe yanayohifadhi joto ni wazo geni na linavutia kulisikia, ila akina mama hawatakulipa kwa ugeni wake.

Mdogo wangu wa Buzebazeba hapo juu, YouTube ina kazi yake, lakini ni hatari ukianza nayo. Mwaka 1991 Jansson na Smith waliwapa wasanifu kazi ya kubuni kikombe cha kahawa kisichomwagika. Baadhi yao walionyeshwa mfano wenye mrija, na maelekezo yakasema wazi mrija usitumike. Walioonyeshwa mfano walichora mrija hivyo hivyo, mara nyingi kuliko wasioonyeshwa. Macho yakishaona jibu, mkono unalifuata hata likiwa na kasoro iliyotajwa. Tazama picha za wengine baada ya vijana kuchora, kwa kukagua tu.

Kuhusu droo: bila kujua, kijana wako amefanya kile ambacho wafuasi wa TRIZ hufundishwa. Mbinu hiyo ni ya Genrich Altshuller wa Umoja wa Kisovieti, aliyeanza kuijenga mwaka 1946 kwa kuchambua hati za uvumbuzi. Msingi wake ni kutafuta mgongano ulioko ndani ya tatizo. Wako ni huu: kifaa kifunikwe ili mvua isiingie, na kifaa kisifunikwe ili jua na upepo viingie. Ukitafuta katikati unapata nailoni, ambayo inazuia mvua, inapunguza hewa, na kunapokuwa na unyevu dagaa wanatoka jasho humo ndani. TRIZ inasema tenganisha kwa wakati: wazi saa ya jua, funikwa saa ya mvua. Droo ndizo hizo. Sasa swali langu kwa kundi B ni zuri zaidi: je, jedwali lenu lilikuwa na mstari wa "kubadilisha kutoka wazi kwenda funikwa"? Kama halikuwa nao, jedwali lisingeweza kuzaa droo hata mngefanya michanganyiko yote 1,024. Jedwali la mofolojia linaunganisha ulichoandika. Fritz Zwicky, yule mwanafalaki Mswisi aliyelieneza, alitaka uone kila kitu kinachowezekana, lakini mistari ni wewe unayeichagua.

Pugh nitakujibu kesho, nimeitwa.

---

Mama_Anika_Kibirizi

Wanangu hamjambo. Mimi siko kwenye hicho kikundi cha Katonga, niko Kibirizi, na kuanika ndiyo kazi yangu. Nimesoma yote mliyoandika. Hakuna aliyesema dagaa mzuri ni yupi, sasa hizo alama mtampa nani kwa nini?

Mnunuzi akija anafanya hivi. Anachota konzi moja, anachukua dagaa mmoja anamvunja katikati. Akikatika kwa sauti amekauka, akipinda bado. Ananusa. Halafu anatia mkono chini kabisa ya gunia anapapasa mchanga. Akimaliza hapo ndiyo anataja bei. Kwa hiyo kifaa chenu kimpe dagaa wa kuvunjika, asiye na harufu, asiye na mchanga, mwenye rangi yake ile ya kung'aa.

Jiko la kuni msilifikirie kama moshi unawagusa. Dagaa wa moshi wana wateja wao na bei yao. Anayetaka dagaa wa jua akisikia moshi anaweka chini. Na joto likizidi wanaiva, wanakuwa wakavu nje, ndani wabichi, wanapondeka ndani ya gunia, na wiki haijaisha wameota ukungu.

Jambo la pili ni mzigo. Siku za giza dagaa wakikubali, mtu mmoja anaweza kuanika eneo la kujaza uwanja. Kifaa cha kukausha ndoo mbili ni cha kupeleka Nanenane watu wakapige nacho picha. Kabla hamjatoa alama ulizeni: siku ya mzigo mkubwa kinabeba kiasi gani, na kwa watu wangapi?

Mvua ya ziwani tunaiona ikija. Unapata dakika chache. Hapo unakimbia, mwenzio anakimbia, mwingine ana mtoto mgongoni. Kama kuna kamba ya kufungua, fundo la kulegeza na turubai la kuvuta watu wanne, mvua imeshafika. Droo nimezipenda. Ila nauliza, zikijaa dagaa wabichi zina uzito gani? Nitaisukuma peke yangu? Na isiwe na magurudumu chini, mchanga wa mwaloni unayameza magurudumu.

Kugeuza ndiko kunakotumaliza. Unainama tangu saa tatu mpaka jua linatua, mgongo unakuwa si wako. Hao vijana waliosahau kugeuza hawajawahi kuanika. Waleteni siku moja tu mwaloni, waanike wao, halafu wachore.

Na mimi mchoro wa karatasi siuelewi vizuri. Ukiniwekea karatasi kumi ukutani ukasema nitoe alama, nitampa aliyechora kwa rangi.

---

Mwalimu_Uyui

Mwangaluka wote. Niko Tabora, nafundisha ufundi, na wanafunzi wangu wengi wanatoka kwenye kaya za tumbaku. Nimeshasimamia mashindano ya vijana kubuni mabani ya kukaushia tumbaku ya mvuke yatakayokula kuni kidogo, kwa hiyo yaliyosemwa hapa nayajua kwa karibu.

Mama wa Kibirizi amesema jambo ambalo linaharibu ulinganisho mwingi: alama zinamwendea anayechora vizuri. Dawa ninayoitumia ni hii. Chagua mtu mmoja asiye wa kundi lolote, achore upya michoro yote kwa mkono wake, penseli moja, karatasi za ukubwa mmoja, na chini ya kila mchoro aandike sentensi mbili tu za jinsi kinavyofanya kazi. Majina na makundi yasionekane, badala yake herufi. Changanya karatasi. Hapo ndipo mwamuzi anahukumu wazo. Mimi huwa na waamuzi watatu wasiokaa pamoja, na kabla sijajumlisha naangalia kama wanakubaliana. Wakipishana sana kwenye kigezo fulani, kigezo hicho hakijaeleweka. Nawakutanisha, tunakijadili, wanaanza upya. Kujumlisha alama za watu walioelewa maneno tofauti ni kujaza namba kwenye karatasi.

Pia gawa vigezo katika ngazi mbili. Kuna masharti ya mlangoni: yasipotimia wazo linatoka, haijalishi lina alama gani kwingine. Moshi kumgusa dagaa ni sharti la mlangoni, mama amekwisha kusema. Baada ya mlango ndiyo unatoa alama za ubora.

Sasa Pugh, kwa kuwa Mhandisi ameitwa. Stuart Pugh alikuwa profesa wa usanifu Chuo Kikuu cha Strathclyde, Uskoti. Jedwali lake ni rahisi: unachukua kifaa kilichopo kuwa kipimo, kwako chanja ya waya ya sasa. Kila wazo unalilinganisha nacho kigezo kwa kigezo: linazidi, weka alama ya kujumlisha, limepungua, alama ya kutoa, sawasawa, herufi S. Linafaa sana kwa kazi yako kwa sababu mama aliyeanika miaka yote hawezi kukupa "7 kati ya 10", lakini anaweza kukwambia papo hapo kama hiki kitamchosha zaidi ya chanja yake au la.

Tahadhari yangu ni kwenye kujumlisha. Nimewaona watu wakichagua bani lenye alama nyingi za kujumlisha: rahisi kujenga, rahisi kusafisha, mlango mzuri, ngazi nzuri. Kwenye kuni lilikuwa na alama moja ya kutoa. Alama moja tu. Lakini kuni ndiyo sababu ya mradi mzima, na miombo ya Urambo na Kaliua haiongezeki. Jedwali la Pugh halijui kwamba kuni ni nzito kuliko mlango. Pugh mwenyewe hakukusudia liwe mashine ya kutoa mshindi. Alitaka ukae na timu, muone wapi wazo lina alama ya kutoa, muulizane kama wazo la jirani linaweza kuliazima jibu, mchore jipya, mlirudishe kwenye jedwali. Ukilitumia hivyo, ubishi wa A na B unakosa pa kusimama, kwa sababu wazo la duru ya pili linakuwa la wote.

Kwa wasiosoma michoro: chukua mirunda, misumari na kamba, simamisha kona moja ya kila wazo lililopita mlangoni, ukubwa wake halisi. Usitafute uzuri. Weka mawe au mchanga mbichi wa uzito wa dagaa. Mwache mama asukume, ainame, anyanyue. Utajua mengi kwa asubuhi moja.

---

Mhandisi_mwana_Ujiji

Mwalimu amemaliza la Pugh, sina cha kuongeza. Fundi, kama bado unataka kuzipima mbinu zenyewe, wabadilishe vijana. Kazi ijayo, A wachukue jedwali na B wabungue bongo, na kabla ya hapo kila mtu aandike peke yake kwanza. Ukifanya hivyo kazi baada ya kazi, utaanza kuona kipi ni cha mbinu na kipi ni cha mtu. Muda uwe sawa kwa wote, maana nina hakika jedwali lilichukua muda mrefu kuliko bungua bongo na hukulihesabu hilo.

---

Fundi_wa_Mwanga

Nimerudi wakuu. Shikamoo mama wa Kibirizi, na asanteni wote.

Nilikwenda Katonga na vijana wote, A na B, wakaanika tangu asubuhi. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kwa nini kugeuza kuna mstari wake. Akina mama watatu walikubali kuwa waamuzi. Binti wa jirani anayesomea ushonaji alichora upya kila kitu kwa penseli moja, nikaweka herufi. Masharti ya mlangoni tuliyapanga na akina mama kabla hawajaona karatasi hata moja: moshi usiguse, mama mmoja aweze kufunika peke yake, na kila sehemu ipatikane Kigoma mjini. Masharti hayo peke yake yaliondoa zaidi ya nusu ya ukuta, mengi ya A, na hema zote za nailoni za B zilizohitaji watu wa kushikilia.

Tukasimamisha kona za mirunda. Droo zilifaulu, ila si kama zilivyochorwa. Droo moja ndefu ikijaa mchanga mbichi haikusukumika. Tuliikata kuwa fupi, moja juu ya nyingine, zikiteleza juu ya bomba la mraba lililopakwa grisi, hakuna magurudumu. Hapo mama mmoja akasema ya chini haitapata jua. Ndipo kijana wa kundi B akaenda kuchukua karatasi yake iliyokuwa imekataliwa mlangoni. Kwenye mstari wa kugeuza alikuwa amechora waya mbili zinazofungana kama kitabu, dagaa katikati, unageuza zote kwa mara moja. Mhandisi, kwenye mofolojia yao mstari wa kubadilisha kutoka wazi kwenda funikwa kweli haukuwepo. Nimewaonyesha, wameuongeza wenyewe.

Kwa hiyo kinachojengwa ni paa la bati lisilosogea, droo zinazovutwa pande mbili, mashariki na magharibi, ili zisifunikane jua, na kila droo ni waya mbili za kufungana. Kwenye jedwali la Pugh bado kina alama ya kutoa sehemu moja, gharama. Akina mama wawili wanasema ni halali, wa tatu anasema kwa hela hiyo angepata chanja tatu na turubai. Hoja yake nimeiandika na sitaifuta, kwa sababu siku za jua yeye ndiye yuko sahihi. Tumekubaliana kujenga paa moja lenye droo chache kwanza, kando ya chanja zao, mzigo ule ule wa asubuhi ugawanywe nusu kwa nusu, na mnunuzi avunje dagaa wa pande zote mbili bila kuambiwa wametoka wapi.

Kazi ijayo ni mashine ya kubangua mise, zile mbegu za michikichi, kwa mzee mmoja wa Simbo mwenye michikichi. Makundi yatabadilishana mbinu, kila mtu ataanza na karatasi yake, na saa nimeitundika ukutani. Jambo moja nauliza: waya gani unavumilia unyevu wa dagaa kila siku bila kushika kutu, na unapatikana bila kuagiza Dar? Wa kuku nimeujaribu, matundu yake ni makubwa, dagaa wanapita.

---

Mama_Anika_Kibirizi

Marahaba mwanangu. Waya acha kwenye fremu tu ubebe uzito, juu yake tandika wavu wa dagaa uliochakaa, ule wa matundu madogo. Wavuvi wanautupa. Ukichanika unabadilisha kipande, na haushiki kutu. Na hiyo ya kufungana kama kitabu, bawaba ziweke upande mfupi. Ukiziweka upande mrefu sitafikia mwisho wake.